Kiti Kisichobana

Mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Fundi Sponji alidhani amekosea mlango. Kila kitu chenye pembe kilikuwa kimevishwa. Meza ilivaa sponji, fremu za milango zilivaa sponji, kabati la vyombo, kingo za kitanda, hata bomba la bafuni, vyote vilizungushiwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye makochi ya wateja. Hiki cha maua, kile cha mistari, kingine cha rangi ambayo mtu mwenye akili timamu haichagui. Nyumba ilichekesha macho. Lakini Fundi hakuivisha ili ipendeze, aliivisha kwa sababu ya mkewe.

Mkewe aliitwa Mwalimu, na jina hilo alilipata kwa jasho lake, maana alifundisha hesabu miaka nenda miaka rudi mpaka chaki zilipoanza kumponyoka. Hata Fundi alimwita hivyo tangu wakiwa wachumba, na yeye akamwita mumewe Fundi, wakaridhika. Ndani ya nyumba walikuwa wawili tu. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, kimejaa mbao, gundi na makochi yaliyochunwa ngozi, na vyumba vya nyuma ndiko walikoishi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Huntington. Ubongo unaharibika kidogo kidogo, na mwili unaanza kujiamulia mambo. Mkono unaruka bila kutumwa, shingo inapinda, miguu inacheza muziki ambao hakuna mwingine anayeusikia. Ulimi unakuwa mzito. Chakula kinataka kupita njia isiyo yake. Na kwa kuwa mwili haupumzi, mgonjwa anakonda hata akila. Tena ni wa kurithi. Baba yake Mwalimu alikuwa nao, na mtaani walimwita mlevi mpaka siku ya kaburi, mzee wa watu aliyekuwa hanywi hata tone. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Hilo la nusu kwa nusu Mwalimu ndiye aliyemfafanulia mumewe siku walipotoka hospitali, taratibu kabisa, kama vile yuko darasani, na mwishoni akamuuliza kama ameelewa. Fundi alisema ameelewa. Kisha akaenda uani akalia hadi shati likalowa.

Sasa, huyu Fundi alikuwa na tabia moja, na ndiyo iliyoleta kasheshe yote hii. Mtu aliyeshika kazi ya makochi ujana wake wote ana dawa moja kwa kila tatizo. Kitambaa kikijikunja, vuta. Kikilegea, vuta zaidi, kisha piga pini. Kochi zuri ni lile lililokazwa mpaka ukilipiga kofi linalia kama ngoma. Kwa hiyo Mwalimu alipoanza kuteleza kwenye viti na kuanguka, Fundi alifunga mlango wa karakana, akafanya kazi kama mwendawazimu, akatoka na kiti ambacho alikionea fahari kuliko chochote alichowahi kutengeneza. Kilikuwa kirefu, kimenyooka mgongo, kina mikanda ya kifua, ya kiuno na ya mikono, yote imejazwa sponji laini kwa ndani. Akakiita kiti cha enzi. Akamketisha malkia wake, akamfunga, akasimama pembeni mikono kiunoni.

Mwalimu hakuanguka tena, hilo ni kweli. Ila mwili wake ulizidi kupambana, na alama nyekundu zikaanza kuonekana kwenye mikono. Fundi alipoziona aliongeza sponji. Zilipozidi alikaza mkanda, akiamini kinachosugua ni kile kilicholegea. Alikuwa mume mwema kabisa, na alikuwa anamuumiza mkewe kila siku kwa mapenzi yote ya moyo wake.

Basi akaja Dada Mkubwa.

Dada Mkubwa alikuwa mpishi wa chuo. Alizoea masufuria ambayo mtoto anaweza kuogelea ndani yake, na sauti yake ilizoea kuvuka foleni ya wanafunzi wenye njaa. Alikuja kumtembelea mdogo wake, akamtoa shemeji yake njiani kwa kiwiko, akasema leo yeye ndiye atakayemwogesha. Fundi alishukuru, akarudi kwenye kazi yake. Hakupita muda akasikia anaitwa.

"Shemeji! Njoo hapa."

Alienda na mkasi mkononi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda cha bafuni amefunikwa taulo, na dada yake ameshika mkono wake mmoja akiuelekeza kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

"Anajigonga, shemeji. Si unaona nyumba nzima nimeivisha."

"Meza haimgongi mtu kwa mistari iliyonyooka! Tazama. Hapa, na hapa, na mbavuni. Hii ni mikanda. Unampiga ndugu yangu?"

Fundi aliushusha mkasi. "Mimi? Nimpige Mwalimu?"

"Nakuuliza wewe."

"Ni mikanda ya kiti. Ile ya kumzuia asianguke. Huu ugonjwa, shemeji, mwili wake…"

"Usiniletee habari za ugonjwa!" Dada Mkubwa alipandisha sauti mpaka kioo cha bafuni kikatetema. "Kila siku ugonjwa, ugonjwa. Baba yetu alikuwa mlevi, mwisho wa habari. Hakuna ugonjwa katika ukoo wetu. Kuna mwanamke aliyefungwa kama mzigo na mwanamume anayetafuta maneno."

Mwalimu alifungua mdomo. Taya lilicheza, shingo ikapinda, sauti ikaanza kutoka. Lakini dada yake alishamvika gauni na anaendelea kusema, na Fundi naye anajitetea, na maneno ya mwenyewe yakapotea katikati ya kelele zao wawili.

"Jumamosi nakuja na kaka yetu na gari lake," Dada Mkubwa alisema akiwa mlangoni. "Tunamchukua. Akae kwangu, alale kitandani, apumzike. Ukitaka kumwona utaomba ruhusa."

Fundi alimjua shemeji yake. Hakuwa mtu wa kutishia nyau. Na alijua pia kinachomngoja Mwalimu huko. Angelazwa chali siku nzima na kulishwa akiwa amelala, na chakula kingemwendea mapafuni, maana daktari wa viungo aliyekuwa akiwatembelea alishaonya juu ya hilo zaidi ya mara moja. Angekufa. Na hata asipokufa, angekuwa mbali na mumewe, mezani pa watu wanaomsemea kila kitu. Fundi aliwaza hayo, maji yakamfika shingoni. Akaketi chini kwenye sakafu ya karakana, katikati ya mabaki ya vitambaa, akamtazama mkewe, aliyekuwa amerudishwa kwenye kiti kile kile, mikanda ikiwa bado haijafungwa.

Daktari wa viungo alimwambia jambo jingine pia, tangu mwanzo. Alisema, "Ukimuuliza kitu, mngoje. Akili ipo, maneno yapo, ila yanasafiri polepole." Fundi aliitikia kwa kichwa siku ile, na tangu siku ile hakungoja hata mara moja. Angeuliza, "Mwalimu, unataka maji?" na kabla hajajibiwa kikombe kiko mdomoni. Aliona kumngoja ni kumtesa. Mtu wa huduma za haraka, basi.

Siku hiyo, kwa kuwa hakuwa na ujanja mwingine, aliuliza na kunyamaza.

"Mwalimu. Kiti kinakuumiza?"

Alisubiri. Mkono wa mkewe uliruka, ukashuka. Kichwa kikaenda kushoto. Nje mtu alipita na baiskeli mbovu, ikalia mpaka ikapotea. Fundi alijikaza kisabuni asiseme neno.

"Ndiyo," Mwalimu alisema.

"Tangu lini?"

Safari hii ilikuwa ndefu zaidi. "Siku… ya kwanza."

"Sasa mbona hukuniambia, mke wangu?"

Uso wa Mwalimu ulikunjamana kwa juhudi. Neno la kwanza lilitoka, likafuata la pili.

"Nilisema. Wewe… ukakaza."

Fundi alikumbuka. Zile sauti alizokuwa akitoa mkewe wakati wa kufungwa, zile alizodhani ni ugonjwa tu. Yalikuwa maneno, naye hakuyapa nafasi ya kufika. Hapo roho ilimuuma kuliko alipoitwa mpiga wanawake. Aliweka kichwa chake kwenye magoti ya mkewe, magoti yenyewe hayatulii, yanampiga kidevu, na akalia bila aibu. Aliomba msamaha mara nyingi hata yeye mwenyewe akachoka kujisikiliza.

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akasema, "Ukimaliza… kulia… leta kisu."

Walikibomoa kile kiti cha enzi pamoja. Yaani Fundi alikata na Mwalimu akashangilia. Kila mkanda ulipoanguka alitoa kicheko kile cha zamani, kile cha darasani mwanafunzi mtukutu anapokamatwa. Mashine ya kupigia pini ilipumzika, na kwa mara ya kwanza Fundi alianza kazi bila kujua itaishia wapi, na bosi wake amekaa mbele yake kwenye godoro, anatoa amri neno moja moja.

"Mimi… sitatulia," Mwalimu alisema. "Kiti… kizoee."

Fundi aliligeuza neno hilo kichwani. Kiti kizoee. Kazi yake yote alikuwa akitengeneza viti vinavyomfundisha mtu namna ya kukaa. Sasa anatakiwa kutengeneza kiti kinachofundishwa. Alichukua fremu ya kochi la zamani, nzito, pana, ambayo hata dubwana la mtu haliwezi kuipindua. Ndani yake akatundika kiti kingine kwa mikanda ya raba, ile inayowekwa chini ya makochi ili yabonyee. Mwili ukienda kulia, kiti kinaenda nao kidogo kisha kinaurudisha. Ukienda mbele, kinaufuata. Hakuna kinachobana, hakuna kinachogombana.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Raba zililegea mno, Mwalimu akazama mpaka yakabaki magoti na pua. Fundi alipiga yowe akidhani amemuua. Kutoka chini ya shimo lile ikasikika sauti ikicheka, inakohoa, inacheka tena, na ilipopata nafasi ikasema, "Sifuri."

"Sifuri kwa kumi?"

"Kwa… mia."

Akatengeneza upya. Mwalimu alishika usukani. "Pembe," alisema, na Fundi akaegemeza mgongo wa kiti nyuma. "Nyingi." Akaupunguza. "Bado." Akapunguza tena, akangoja, akapunguza unywele mmoja. "Hapo." Fundi alikuwa na vipimo vyake na penseli sikioni, ila mwanamke huyu alikuwa akipima kwa uti wa mgongo wake mwenyewe, na kila alipobishiwa ilionekana baadaye kwamba Fundi alitakiwa afunge mdomo. Alianza kuzoea kungoja. Aligundua kwamba mkewe hakuwa amepungua utani, hakuwa amepungua ukali, hakuwa amepungua chochote. Alikuwa nyuma kidogo tu ya mwendo wa watu wengine, amesimama na mzigo wake wote, anasubiri mtu ageuke.

Daktari wa viungo alipokuja siku ya Ijumaa alizunguka kiti mara mbili. Akamtazama Mwalimu akiyumba na kurudi, mabega yameshuka, mikono yake inaruka inavyotaka bila kugonga popote.

"Nani kabuni hiki?"

Fundi alitaka kujibu, akajizuia. Walingoja wote wawili.

"Mimi," Mwalimu alisema. Na baada ya kitambo, "Yeye… kibarua."

Daktari alicheka hadi akaketi. Kisha akafanya kazi yake, maana naye alikuwa anaijua. Alionyesha miguu inavyoning'inia na kumvuta mgonjwa chini, akaagiza sanduku pana la kukanyagia lenye sponji. Akaomba mto mdogo nyuma ya kichwa ili kidevu kiiname wakati wa kumeza, njia ya pumzi ijifunge. Fundi alivifanya vyote viwili siku hiyo hiyo. Jioni Mwalimu alikula nusu sahani bila kupaliwa, jambo lililokuwa halijatokea kwa muda mrefu, akalala usingizi mzito akiwa amekaa.

Jumamosi gari lilisimama mlangoni. Kaka yao alikuwa dereva wa lori, mtu mpole mwenye mwili mkubwa, na nyuma ya lori ametandika godoro. Alimsalimia Fundi akitazama viatu vyake mwenyewe. Dada Mkubwa hakusalimia mtu. Alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma, akasimama.

Mwalimu alikuwa mezani, kwenye kiti chake, anayumba taratibu, na sahani mbele yake.

"Mikanda iko wapi?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Nimeitupa," alisema Fundi. "Ulisema kweli kuhusu mikanda, shemeji. Mikanda ilimuumiza na mimi ndiye niliyeifunga. Mnisamehe. Lakini kaeni kwanza ale, chakula kisipoe."

Dada Mkubwa hakukaa. Alikagua sahani, viazi vilivyopondwa na nyama iliyosagwa laini kwenye mchuzi mzito, akachovya kidole, akaonja, akafanya uso wa mpishi aliyetukanwa. Akatafuta chumvi mwenyewe akatia. Kisha Mwalimu akashika kijiko chenye mpini mnene, ambao Fundi aliuvisha raba, akaanza kula kwa mkono wake.

Si kwamba ilipendeza. Kijiko cha kwanza kilienda shavuni. Cha pili nusu yake ilimwagika. Cha tatu kilifika. Dereva aliinuka kusaidia na Fundi akamvuta shati akae. Mkono uliruka, kiti kikaufuata, kikaurudisha, na kijiko kikapata njia tena. Alimeza. Akapumzika. Akameza. Hakupaliwa hata mara moja. Walikaa pale muda mrefu wakimtazama mtu mzima akila chakula chake, na sahani ilipobaki nyeupe Dereva alijifuta macho kwa kiganja akijifanya anajikuna.

"Sawa, amekula," Dada Mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu, hata hivyo hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Mdogo wangu, tunakwenda nyumbani. Utapenda, si ndiyo? Anataka, tazama anavyotikisa kichwa. Kaka, mshike upande ule…"

"Ngoja, shemeji," Fundi alisema.

"Nini tena?"

"Umemuuliza swali. Ngoja akujibu."

"Si nimeona kichwa…"

"Ngoja."

Hakupandisha sauti, lakini kitu katika sauti hiyo kilimnyamazisha hata mpishi wa chuo. Wakangoja. Dereva aliacha kuchezea funguo zake. Mwalimu alikusanya pumzi. Taya likacheza, likakataa, likarudi. Dada Mkubwa alifungua mdomo mara mbili kumsaidia na mara zote mbili akaufunga. Ilikuwa pengine mara ya kwanza maishani mwao kwamba mdogo huyu alipewa chumba kizima cha ukimya na dada yake.

"Hapa… ni kwangu," Mwalimu alisema. "Siendi… popote." Kisha akainua mikono yake yote miwili, ikaruka huku na huku juu ya meza, ikicheza inavyojua yenyewe, na uso wake ukaangaza kwa ushindi. "Angalia. Sijafungwa."

Fundi alihisi kifua kinataka kupasuka kwa furaha. Angeweza kubeba lori lile kichwani, godoro na vyote. Dereva alisema kwa sauti ya chini, "Basi, Dada. Amesema," akatoka nje kukunja godoro.

Dada Mkubwa alivuta kiti, akakaa hatimaye. Alichukua kikombe cha chai alichowekewa, na Fundi akaona. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vinacheza juu ya kitambaa cha meza, kimoja kimoja, bila kutumwa. Fundi aliujua mwanzo huo. Ndivyo vilivyoanza vya Mwalimu. Dada Mkubwa aliona kwamba ameonwa, akavificha vidole chini ya meza, na chai ikamwagika.

"Nilitaka iwe ni wewe, shemeji," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilimwomba Mungu iwe unampiga. Ukipigwa unaondoka, unapona. Lakini kama si wewe, basi ni ugonjwa wa baba. Na kama ni wa baba…"

Alikitazama kiti, raba zake, mgongo ulioegemea, mdogo wake anayeyumba ndani yake ameshiba.

"Kiti kama hicho," aliuliza, "kukitengeneza kinachukua muda gani?"

Fundi alifungua mdomo ajibu, akaufunga, kwa kuwa Mwalimu alikuwa ameanza kukusanya pumzi. Wakangoja, Fundi na Dada Mkubwa, hakuna aliyeharakisha, mpaka maneno yakafika.

"Wiki… moja. Usilie, Dada. Chagua… rangi."